Likienda Linapoa, Likisimama Linachemsha: Kisa cha Peugeot 404 na Safari ya Mbio za Magari ya Kale

Saa 8 na dakika 50 mchana, Jumamosi, tulikuwa kwenye foleni ya kuingia uwanja wa mbio, na mshale wa joto ulikuwa umeshaingia kwenye nyekundu. Usukani ulikuwa mikononi mwangu. Lango nililiona. Nyuma ya ukuta tulisikia magari ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yakiwashwa moja baada ya jingine kwa mbio za saa 9, zile ambazo sote wanne tulikuwa tumezisubiri mwaka mzima. Nikasema, "Zimebaki mita mia, tutafika tu." Kabla hatujamaliza hizo mita, boneti ilifuka mvuke pande zote mbili na injini ikazimika yenyewe.

Hatukuziona zile mbio. Gari tulikuja kulifungua injini baada ya kurudi nyumbani, na silinda hedi, yaani kipande kinachofunika silinda juu ya injini, ikakutwa imepinda. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu moja: taarifa iliyotosha kutuokoa ilitamkwa ndani ya gari muda wa karibu saa nane nzima kabla ya mvuke, kwa lugha nyepesi, na mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Tuliisikia sote. Nataka kuonyesha ilipotelea wapi.

Gari na watu

Gari ni Peugeot 404 ya mwaka 1965, ya petroli, injini ya sentimita za ujazo 1618 iliyolazwa ubavu kwa nyuzi 45, gia kwenye shingo ya usukani. Wanaolipenda gari hili hawahitaji kuelezwa sababu. Lilitoka 1960 likiwa na umbo lililochorwa na Pininfarina, na likajenga jina lake kwenye vumbi na matope: lilishinda Safari Rally mwaka 1963 na 1968 likiendeshwa na Nick Nowicki, na mwaka 1966 na 1967 likiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Takwimu hizi tulizitaja ndani ya gari asubuhi ile, zaidi ya mara moja, na nakumbuka vizuri tulivyozitaja: kama dhamana. Sasa naona zilichangia kosa. Sifa ile ilipatikana kwa gari lililokuwa na mafundi wakilisubiri kila kituo, nasi tuliichukua kana kwamba inakuja na chuma chenyewe.

Kwa nini tulikwenda na gari la miaka sitini badala ya gari jipya? Kwa sababu kwenye wikendi za namna hii kufika na gari la kale ni nusu ya ladha. Mbio za magari ya kale zimekuwa na desturi hiyo kwa muda. Monterey huko Marekani walianza 1974, Monaco 1997, Goodwood Revival 1998 kwenye uwanja wa Uingereza uliokuwa umeacha mashindano tangu 1966, Le Mans Classic 2002. Goodwood wana hata eneo maalumu la kuegesha kwa wanaokuja na magari ya kabla ya 1966. Uwanja tuliokuwa tunakwenda sisi ulikuwa na utaratibu unaofanana na huo: mwenye gari la kale anaegesha ndani, karibu na wanaoshindana. Hiyo ndiyo ndoto iliyotutoa kitandani saa 10 usiku.

Tulikuwa wanne. Mimi, mwenye gari na dereva. Kando yangu rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye kazi yake ya mshahara ni nyingine lakini mikono yake imezaliwa na spana, nitamwita Fundi. Nyuma yangu Mshika Ramani, aliyepanga njia, mafuta na saa za kupumzika. Na nyuma ya Fundi rafiki yetu anayeshona nguo kwa riziki, ambaye nitamwita Mshonaji. Yeye magari hayajui na hajawahi kudai anayajua. Anazijua cherehani. Cherehani ikibadili mlio, yeye huinua mguu kabla uzi haujakatika.

Mwendo wa siku

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Kabla ya kutoka niliacha injini ikiunguruma uani kama dakika kumi na tano huku tukipakia mizigo. Mwishoni mwa dakika hizo kulitokea mlio mkavu mbele ya gari, "ka!", ukifuatwa na mvumo wa upepo. Kwangu mlio ule ni wa kawaida kiasi kwamba siusikii tena. Mshonaji aliusikia, kwa sababu kwake ulikuwa mpya.

Baada ya kilomita 150 tulisimama kujaza mafuta na kunywa chai. Nilimaliza kulipia mapema, nikawasha gari, nikawasubiri wengine likiwa linaunguruma kwa dakika kadhaa. Mshale ulipanda juu kidogo ya mahali ulipozoea. Mshonaji alipoingia ndani akasema, "Kule nyumbani gari hili lilikuwa linavuma likisimama. Sasa halivumi." Nikamjibu kwamba injini za zamani hutulia zikishapata moto. Fundi akaongeza kwamba asubuhi hewa ni nzito. Majibu yote mawili yalitolewa kwa upendo, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyefungua boneti.

Kilomita 300 hivi, kwenye saa 3 na nusu, tukakuta barabara inatengenezwa. Magari yalipitishwa kwa zamu upande mmoja. Tulikaa hapo dakika 25, mita kumi mbele, simama, mita kumi tena. Mshale ukapanda hadi kugusa nyekundu. Nikatoka pembeni nikazima.

Hapa Fundi alifanya mambo mawili sahihi na moja lililotupoteza. Hakukubali mtu aguse kifuniko cha rejeta. Maji yaliyobanwa ndani kwa mgandamizo wa nusu angahewa zaidi ya kawaida hayachemki mpaka nyuzi 111 hivi. Ukifungua kifuniko mgandamizo unaondoka ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke usoni mwako. Alisubiri kwa saa mfululizo, akafungua kwa kitambaa, robo mzunguko, akasikiliza, kisha robo nyingine. Pia alitutaka tukague mipira ya maji na mkanda kabla ya kuwaza kingine chochote. Vyote vilikuwa vizima.

Kisha tukawasha injini, tukatazama feni. Ilikuwa inazunguka. Fundi akasema, "Feni ipo, mkanda upo, maji yapo. Hii ni themostati imeganda." Akaitoa, ile vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Tukajaza maji yaliyopungua, tukaondoka karibu na saa 6. Barabara ilikuwa wazi, tukashika kilomita 85 kwa saa, na mshale ukashuka hadi chini ya katikati. Tulishangilia. Mshika Ramani aliandika kwenye daftari lake la safari: "Themostati. Imetatuliwa."

Saa 7 na dakika 50 tukajiunga na foleni ya uwanjani, urefu wake kama kilomita moja na nusu. Yaliyofuata nimeshayaeleza, isipokuwa tendo moja ambalo lazima nililiandike. Injini ilipozima, nyuma yetu watu walipiga honi. Mshika Ramani alikimbia akarudi na dumu la maji ya baridi aliloazimwa na gari la jirani. Kifuniko kilikuwa kimeshajiachia chenyewe kwa nguvu ya mvuke. Fundi akasema, "Ngoja, usimwage." Nikamwaga. Karibu lita tatu.

Feni inayozunguka bila kufanya kazi

Kiini cha kitaalamu cha kisa hiki kiko kwenye kifaa kimoja ambacho wengi waliokulia kwenye magari ya siku hizi hawajawahi kukutana nacho. Feni ya 404 haikufungwa moja kwa moja kwenye puli ya pampu ya maji. Kati yao kuna klachi ya sumaku. Injini ikiwa ya baridi, puli inazunguka na feni inaachwa huru, hivyo injini inapata moto haraka na haipotezi nguvu kuzungusha mapanga bure. Maji yakifikia joto lililopangwa, swichi ya joto inaruhusu umeme kupita kwenye koili. Sumaku inaishika feni, na inaanza kuzunguka kwa kasi ya puli. Ndiyo "ka!" ile na mvumo uliofuata. Peugeot walikuwa wameshaanza mpango huu kwenye 403. Kwa zama zake ulikuwa ufundi wa hali ya juu, na mimi bado nauona mzuri.

Umeme unafikaje kwenye kitu kinachozunguka? Kipande kidogo cha kaboni kinasukumwa na springi kugusa bangili ya shaba. Kaboni inalika kidogo kidogo, miaka na miaka. Inapokaribia kwisha haifi ghafla. Leo inagusa, kesho inaruka, kutegemea mtikisiko na joto. Yetu iligusa uani alfajiri. Baada ya kilomita 150 za mtikisiko haikugusa tena.

Na huu ndio mtego. Feni iliyoachwa huru haisimami. Msuguano wa beringi unaivuta, hivyo inazunguka kivivu. Ukifungua boneti injini ikiwa imewashwa unaona mapanga yanakwenda, na kwa mtu mwenye kujua feni za kawaida swali limeisha. Fundi alitazama kwa makini, akaona kitu cha kweli, akakipa maana iliyo sahihi kwa karibu kila gari jingine alilowahi kulishika. Simlaumu kwa hilo. Kungekuwa na kipimo chepesi: kuweka kiganja nyuma ya rejeta, mbali na mapanga, kuhisi kama kuna upepo. Feni iliyoshikwa inakupiga upepo wa nguvu, na iliyoachwa huru unaihisi kama mtu anayejipepea kwa kitabu.

Injini ya petroli, kwa makadirio yanayofundishwa siku zote, inageuza karibu theluthi ya nishati ya mafuta kuwa kazi, theluthi inatoka na moshi, na theluthi inabidi ibebwe na maji hadi kwenye rejeta. Rejeta bila hewa ni sufuria tu. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, gari linakutana na upepo wa mita 22 hivi kwa sekunde na feni haina kazi ya maana. Ukisimama, upepo pekee ni ule wa feni. Kwa hiyo gari lenye feni mbovu ni zima kabisa barabarani na ni mgonjwa mahututi kwenye foleni. Gari lenye rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vizuri mara nyingi lina dalili ya upande wa pili: linavumilia likiunguruma taratibu, linapanda moto likiombwa nguvu mlimani au kwenye mwendo mkali. Tofauti hiyo inaelekeza nusu ya uchunguzi kabla hujachukua spana, na sisi tulikuwa nayo mkononi tangu saa 4 asubuhi.

Jinsi tiba isiyo tiba ilivyotushawishi

Nikilitazama tukio zima, naona dakika mbaya kuliko zote zilikuwa zile za furaha, baada ya kutoa themostati, mshale ukishuka. Tulikuwa tumebadilisha mambo mawili kwa pamoja: tumetoa themostati, na tumetoka kwenye msongamano kwenda barabara wazi. Barabara wazi peke yake ingeushusha mshale, kama ilivyokuwa imeushusha kuanzia asubuhi. Themostati ikapewa sifa isiyokuwa yake. Kisha, kwa kuwa haikuwepo ya kuyazuia maji, injini ilikwenda baridi kuliko kawaida, na ule ubaridi wa kupita kiasi, ambao kwa haki ulipaswa kututia shaka, tukausoma kama ushahidi wa ushindi.

Daftari la Mshika Ramani ninalo mbele yangu sasa. Neno "imetatuliwa" lilifanya kazi kubwa. Lilifunga mjadala kwa watu wote wanne. Mshale ulipoanza kupanda kwenye foleni ya uwanjani, hakuna aliyeuliza tena "ni nini?" kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa. Tulianza kuuliza "imebaki mita ngapi?"

Nimejaribu kufikiri ni kipimo gani kingeivunja imani ile pale pale kwenye matengenezo ya barabara, bila kujua lolote kuhusu klachi ya sumaku. Kilikuwepo, na kilihitaji robo saa: baada ya kutoa themostati, kuiacha injini iungurume gari likiwa limesimama, na kuutazama mshale. Lilichemsha likisimama, basi lijaribiwe likisimama. Ungepanda tena mbele ya macho yetu, na Fundi, ambaye ni mtu mwaminifu kwa vitu anavyoviona, angeiacha themostati pale pale. Tulikwepa jaribio hilo kwa sababu ya saa 9. Ratiba ilikuwa abiria wa tano.

Kiti cha nyuma

Sasa nirudi kwa Mshonaji. Alichosema kituo cha mafuta kilikuwa na sehemu mbili: jambo alilolisikia nyumbani, na kukosekana kwake pale. Hakutoa sababu wala hakupendekeza tiba. Tulichompa sisi ni sababu, tena mbili, za haraka, zilizofanya kukosekana kwa mlio kuonekane kawaida. Nimejiuliza mara nyingi: Je, kama Fundi ndiye angesema "gari halivumi," ningefungua boneti? Ningefungua. Sina shaka hata kidogo, na jambo hilo linaniuma kuliko hedi.

Lakini sitaki kukigeuza kisa hiki kiwe hadithi ya mwenye ujuzi aliyepuuza na asiye na ujuzi aliyejua. Hakikuwa hivyo. Mshonaji hakujua maana ya alichokisikia, na peke yake asingefika popote. Fundi naye, angepewa dokezo lile wakati feni iko mbele ya macho yake, angeuliza feni hii hupigaje kelele ikishika, na nusu saa ingetosha. Vipande viwili vya jibu vilikuwa umbali wa kiti kimoja. Kati ya saa 1 asubuhi na saa 4, dokezo lilikuwa limeshapewa maelezo na kusahauliwa, na aliyelitoa, akiwa mtu wa adabu, hakuona sababu ya kulirudia mbele ya watu wanaojua zaidi. Aliniambia baadaye kwamba pale kwenye matengenezo ya barabara alilikumbuka, akatutazama tumeinama kwenye injini, akanyamaza.

Kumbuka pia lile dumu la maji. Pale aliyekuwa sahihi alikuwa Fundi, mwenye ujuzi, na alisema maneno mawili yaliyo wazi, nami sikumsikiliza. Kwa hiyo cheo cha msemaji hakielezi kila kitu. Kilichofanana kwenye matukio yote mawili ni mimi, nikiwa na funguo, nikiwa na haraka.

Mbinu za kupoteza muda bila kupoteza injini zilikuwepo pia, hata kama hatukuujua ugonjwa. Kuzima injini kila foleni inaposimama na kulisukuma gari kwa mkono. Ni la zaidi kidogo ya tani moja, na uwanja tambarare unawaruhusu watu watatu kufanya hivyo. Kufungua hita mpaka mwisho, kwa sababu hita ni rejeta ndogo yenye feni yake ya umeme. Mnaungua ndani lakini injini inapumua. Kutoka kwenye foleni, kuegesha mbali, na kutembea kilomita moja kwa miguu. Hili la mwisho Mshika Ramani alilipendekeza. Nililikataa kwa sababu nilitaka kuegesha ndani na magari mengine ya kale. Tungeziona zile mbio zote.

Swali moja la mzee

Watu wa foleni walitusaidia kulisukuma hadi ndani. Jioni, gari likiwa limepoa, mzee mmoja aliyekuwa anahudumia gari la mbio la miaka ya 1950 alitukuta tumelizunguka. Tulimweleza habari ndefu ya themostati. Alisubiri tumalize, akauliza, "Linachemsha likienda au likisimama?"

Tulijibu wote wanne kwa sauti moja: likisimama.

Akamwambia Fundi, "Haya mwanangu, washa swichi bila kuwasha injini, halafu gusanisha nyaya umeme upite bila kupitia swichi ya joto, tusikilize." Fundi akagusa. Kimya. Mzee akakibonyeza kishika kaboni kwa ncha ya bisibisi, ikalia "ka!" Mshonaji, aliyekuwa amesimama pembeni, akasema, "Ndiyo huo. Huo ndio mlio wa asubuhi."

Kaboni iliyotolewa ilikuwa imebaki kama punje ya mchele. Mzee hakuwa na nyingine, lakini feni ile ina boliti tatu ndogo za kupangia pengo la klachi, na ukizikaza hadi mwisho zinaifunga feni ishikane na puli moja kwa moja, ikizunguka muda wote. Kelele inaongezeka, nguvu kidogo inapotea, gari linafika nyumbani. Kazi nzima ilichukua dakika kumi. Tungeweza kuifanya saa 1 asubuhi, chai ikipoa.

Jumapili nilikaa saa nyingi kwenye eneo la mafundi wa mbio, na kuna jambo nililolitazama kwa macho mapya. Magari mengi ya mashindano ya zama zile hayana feni kabisa. Yalitengenezwa kwenda, na upepo wa mwendo ndio rejeta iliyoutegemea. Kwa hiyo wenyewe wanayasukuma. Gari la thamani isiyosemeka, lililopigwa rangi na kung'arishwa, linasukumwa na watu watatu au wanne kutoka kwenye hema hadi kwenye msitari wa kusubiri, injini imezimwa, dereva ameshika usukani kimya. Wanangoja mpaka ishara itolewe, ndipo wanawasha. Mwanzo wa mbio ukicheleweshwa, utaona mikono inapunga na injini zinazimwa safu nzima. Siku iliyotangulia sisi tulikaa saa nzima kwenye foleni tukiunguruma na gari ambalo, kwa hali yake ya wakati ule, lilikuwa halina feni kama hayo.

Hesabu ya uharibifu

Tulirudi kilomita 410 bila mshale kutikisika, lakini kila tuliposimama maji yalikuwa yamepungua kidogo na hapakuwa na alama ya kuvuja chini. Nyumbani, kipimo cha mgandamizo kilionyesha silinda ya 2 na ya 3 ziko chini sawasawa huku za pembeni zikiwa nzuri, ishara inayojulikana ya gasketi kuungua kati ya silinda jirani. Hedi ilipotolewa na kuwekewa rula ya chuma, mwanga ulipita katikati.

Sababu yake ni ya kawaida kwa injini za namna hii. Bloku ni ya chuma cha kumimina, hedi ni ya alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Maji yakigeuka mvuke hayashiki tena kuta. Sehemu ya katikati, yenye moto mwingi kuliko zote, inataka kutanuka, boliti zinaikatalia, na chuma laini kinajikunja ndani ya nafasi kilichonacho. Kikipoa hakirudi. Ukimwagia maji ya baridi katika hali hiyo, upande mmoja unasinyaa kabla ya mwingine.

Siwezi kugawa lawama ya upinde ule kati ya zile mita mia na lile dumu, lakini tukio la asubuhi kwenye matengenezo ya barabara naliondoa kwenye hesabu. Kutoka pale hadi uwanjani hatukupoteza maji. Mshika Ramani alikagua kwenye kituo cha mafuta cha mwisho na ameandika hivyo. Hedi ilikuwa nzima hadi tulipojiunga na foleni. Yaliyoiharibu yote mawili niliyaamua mimi, na yote mawili nilikuwa nimeshauriwa vingine.

Fundi alitaka tugawane gharama ya kusawazisha hedi kwa mashine, kwa sababu ya themostati. Nilikataa, tukabishana, tukafikia makubaliano: gharama yangu, kazi yake. Alifunga boliti za hedi kwa hatua tatu, akianzia katikati kwenda nje kwa mpangilio wa kitabu, na kila hatua aliitaja kwa sauti ili nimsomee namba inayofuata. Themostati ikarudi mahali pake, kaboni mpya ikaingia, na zile boliti tatu za feni zikalegezwa hadi pengo lake. Kabla ya kuwasha, akafuta mikono, akachukua simu, akampigia Mshonaji aje asikilize.